Nyumba ya marehemu mzee kule juu ya Tukuyu: kagua kwanza, kishika uchumba baadae

Swali nalifupisha hivi. Dada mmoja ni nesi, yuko kazini Mbeya mjini, amepata nyumba ya zamani kijijini juu kidogo ya Tukuyu. Ilijengwa 1978 na mzee ambae amefariki miaka mitatu iliyopita, vyumba vinne, tofali za kuchoma, bati za kizamani, na mwezi huu wameipiga rangi ndani na nje. Watoto wa marehemu wanataka milioni 32, na wanataka kishika uchumba, yani malipo ya awali, milioni 5 kabla ya Ijumaa ijayo kwa sababu eti kuna mteja mwingine anatoka Dar. Fundi wake kaingia, kaangalia, kasema nyumba iko imara. Mume wake anasema kulipa mtu akague nyumba ya kijijini ni kuchezea hela. Anauliza: "Shikamoo mzee, hivi kweli kuna haja ya ukaguzi, na wakikagua wanaangalia nini hasa?"

Marahaba mwanangu, na mkwe wangu msalimie sana.

Haja ipo, tena kwa nyumba ya kijijini ipo kuliko hata ya mjini. Ya mjini mara nyingi ilichorwa, ikaombewa kibali, kuna mtu wa halmashauri aliipitia walau kwenye karatasi. Hii yako ilijengwa na mzee mwenyewe na fundi wa pale pale, kwa vitu vilivyopatikana mwaka ule, hakuna mchoro, na aliyejua chini ya sakafu kuna nini ameshazikwa. Kwahiyo nyumba yenyewe ndo inabidi ikwambie, na inasema sana ukijua pa kuiuliza.

Anza na huo mwaka wenyewe. 1978 kuelekea miaka ya themanini simenti nchi hii ilikuwa inatafutwa kwa tochi, vita vya Kagera ndo vinaanza, mwenye mifuko kumi alikuwa tajiri. Watu walichoma tofali zao wenyewe kwenye tanuru, wakazijengea kwa udongo, alafu kile kisimenti kidogo walichopata wakakipaka juu kama lipu na kwenye sakafu. Ukiitazama kwa nje unaona nyumba ya simenti, ila katikati ya tofali na tofali ni tope. Sisemi ni mbaya, nyumba za namna hiyo ziko nyingi na zimekaa miaka hamsini, ila sheria yake ni moja, ikae kavu. Siku tope lile likipata maji ya kudumu linalegea na tofali zinabaki zimepangwa tu kama kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kwahiyo jambo la kwanza, omba mahali pasipoonekana, nyuma ya mlango wa stoo au chini kabisa jikoni, mkwangue lipu kipande kama kiganja, uingize msumari kwenye kiungo cha tofali. Ukizama na kutoa unga au tope ujue nyumba imejengwa kwa udongo, na yote nitakayosema chini huko yanakuhusu mara mbili.

Pale pale omba tofali mawili yaliyobaki, kwenye nyumba za zamani hayakosekani, yapo nyuma ya choo au yanazungushia bustani. Gonga mawili kwa pamoja, yaliyoiva yanalia kama chuma, mabichi yanatoa mlio wa kufa. Kausha moja, lipime kwenye mzani wa dukani, lizamishe kwenye ndoo masaa 24 alafu upime tena. Tofali la kilo 3 likirudi na zaidi ya kilo 3 na gramu 600 linakunywa maji kupita kiasi, hilo lilikaa pembeni ya tanuru halikuiva. Sasa swali ni hayo mabichi yalijengewa wapi, na mara nyingi utayakuta kuta za ndani na jikoni, mazuri mzee aliyaweka mbele kwa heshima ya wageni.

Sasa rangi. Mimi simtuhumu mtu, kupaka rangi nyumba unayouza ni jambo la kawaida kama kumuogesha ng'ombe kabla ya mnada. Lakini rangi mpya imefuta maandishi yote niliyotaka kusoma, mistari ya maji, nyufa, chumvi nyeupe chini ya kuta. Ujanja wangu ni huu, uombe picha za msiba. Mzee amefariki miaka mitatu iliyopita, ulikuwa msiba mkubwa bila shaka, watu walipiga picha na simu pale pale barazani na sebuleni, na nyuma ya wale waombolezaji kuna kuta za nyumba unayotaka kununua zikiwa bado hazijapakwa kitu. Omba kwa heshima, sema unataka kumfahamu mzee aliyeijenga, na kweli ni vizuri umfahamu. Nimewahi kuona kwenye picha ya namna hiyo ufa umetoka kona ya dirisha mpaka kwenye dari, na siku tunaenda kukagua ukuta ule ule ulikuwa mweupe kama yai.

Nikirudi kwenye kiini cha jibu langu, mwanangu, huku kwetu kinachoua nyumba ni maji. Rungwe inapata mvua zaidi ya milimita 2000 kwa mwaka, Iringa mjini hawafiki hata nusu ya hiyo. Mtu wa Iringa mwambie aogope mchwa, mtu wa Usangu aogope ule udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, wewe wa Tukuyu fuata maji. Yanatua wapi, yanashuka kupitia wapi, yakifika ukutani yanafanya nini, na yakitoka yanaenda kwa nani. Mtu atakayekukagulia akianza na mlango na vitasa na tailizi bila kuuliza habari ya maji, mlipe nauli yake arudi.

Ndo maana nyumba ya huku ingefaa ikaguliwe wakati wa mvua, kati ya Januari na Aprili, tena asubuhi baada ya usiku wa mvua kubwa. Nalisema hili kwa uchungu. Miaka ya nyuma nilikagua nyumba moja upande wa Makete mwezi wa nane, ardhi kavu, baridi kali, kuta safi, nikaandika kwamba iko vizuri. Mwezi wa pili mwenye nyumba akanipigia, ukuta wa nyuma umetoa tumbo kwa nje na chumbani kuna maji yanatoka kwenye sakafu. Kumbe juu yake kuna chemchemi ambayo inaamka masika tu, kila mtu pale kijijini anaijua, hata watoto wanachota maji pale, mimi sikuuliza. Tangu siku hiyo kabla sijatoa futi kwenye begi natafuta kwanza bibi au babu jirani, nakaa, napewa chai, nauliza masika maji yanapita wapi hapa. Huwezi kusubiri masika kama wana mteja mwingine, sawa, ila kukaa na jirani nusu saa unaweza. Nenda peke yako au na mama mtu mzima, usiende na muuzaji.

Ukifika usiingie ndani haraka. Panda juu ya nyumba, yani mlimani upande wa juu, hata mita mia, uitazame kutoka kule. Angalia kama kuna korongo au mfereji wa zamani unaoelekea pale, angalia barabara ya juu na shamba la jirani wanamwaga wapi maji yao, angalia miti kama imeinama yote upande mmoja au shina limepinda chini kama goti, hiyo ni ardhi inayotembea polepole. Udongo wa Rungwe ni wa majivu ya volkano na vile vijiwe vyepesi vinavyoelea kwenye maji, unalimika vizuri ajabu, ndo maana ndizi na viazi vinakubali, ila ukikatwa wima na kunyeshewa unashuka bila kuaga. Mwezi wa nne 2024 pale Itezi, Mbeya mjini, tope lilishuka toka mlima Kawetere likafukia nyumba na shule, na wewe unafanya kazi Mbeya unajua ninachosema. Nyumba nyingi za milimani mzee alikata mlima akapata uwanja, alafu akajenga. Pima kutoka ukuta wa nyuma mpaka pale alipokata ni hatua ngapi, na je kuna mfereji katikati. Kama udongo umegusa ukuta, au umepanda mpaka usawa wa dirisha maana miaka 40 mlima umekuwa ukimwaga kidogo kidogo, basi chumba cha nyuma kina unyevu hata kama rangi inanukia upya. Weka kiganja ukutani chini kabisa, alafu weka shavu, shavu linajua baridi ya unyevu kuliko kiganja.

Gonga lipu kwa kidole au kwa mpini wa bisibisi kuanzia sakafuni kwenda juu. Inapolia tupu imeshaachia ukuta. Na hili la lipu ya simenti juu ya ukuta wa udongo watu hawalielewi, wanaona wakipiga simenti nene chini wamezuia maji, wakati maji yanapanda kutoka ardhini kwa ndani, yanakosa pa kupumulia, yanakaa mule mule yanakula tope. Ukiona utepe wa lipu mpya chini umezunguka nyumba nzima kimo cha magoti, uliza ulipigwa lini na kwa sababu gani.

Nyufa zisikutishe zote. Chukua kadi yako ya benki, unene wake haufiki milimita moja. Ufa ambao kadi haiingii ni ngozi tu ya lipu. Zikiingia kadi mbili tatu kwa pamoja andika na piga picha. Ikiingia penseli nzima, hiyo ni kama milimita 7, hapo fundi wa lipu sio mtu wako tena, unamhitaji mhandisi. Kuliko upana wenyewe, angalia umbo. Ufa unaopanda ngazi ngazi kufuata viungo vya tofali kutoka kona ya dirisha, ama juu hakuna linta ya maana, yani boriti inayobeba ukuta juu ya dirisha, au chini msingi umezama upande mmoja. Ulio mpana juu na mwembamba chini, kona ya nyumba inashuka. Uliolala karibu na dari, paa linasukuma kuta kwa nje. Uliosimama wima pale chumba cha kuongeza kilipoungana na nyumba ya zamani, huo ni wa kawaida, nyumba mbili hazikufungwa pamoja, mradi hauendelei. Kujua kama unaendelea kunahitaji muda, unachora mstari wa penseli kukatisha ufa, unaandika tarehe, unarudi baada ya wiki kadhaa, au unapaka kibandiko chembamba cha simenti juu yake uone kama kitakatika. Hapo ndo utaelewa kwa nini sipendi Ijumaa yao.

Funga jiwe kwenye uzi, lining'inize toka juu ya ukuta, pima umbali kutoka uzi mpaka ukutani juu na chini. Tofauti ikizidi sentimita 2 na nusu ukuta umelala, usinunue kabla mhandisi hajauona. Na angalia kama juu ya madirisha kuna mkanda wa zege uliozunguka nyumba nzima, zamani wengi hawakuweka. Sisi tuko kwenye bonde la ufa, tetemeko la Desemba 1910 la upande wa Rukwa lilikuwa na ukubwa wa kama 7.4, na mwisho wa 2009 Karonga, hapo ng'ambo ya Kyela tu, ardhi ilitikisika mara nyingi nyumba zikaanguka. Ukuta wa tofali na tope usio na mkanda ndo unaotangulia, hasa ile pembetatu ya ukuta inayoshika paa.

Paa sasa, na hapa nitakaa kidogo maana ndo pesa kubwa ilipo. Ukifika waulize ngazi, kama hawana nenda nayo. Ingia darini na tochi mchana, uizime kwanza. Kila kinyota cha mwanga unachokiona ni tundu. Washa tena, angalia mbao chini ya hivyo vinyota kama zimekuwa nyeusi. Chukua bisibisi, choma kenchi, yani mbao zinazobeba paa, pale zinapokaa juu ya ukuta, maana hapo ndo zinaoza kwanza na hapo fundi wako hakufika, nina uhakika hakufika. Mbao nzima inakataa bisibisi, iliyobunguliwa inaipokea kama mkate. Milingoti ya mviringo isiyo na dawa inadanganya sana, nje inaonekana ngumu na ndani ni unga, igonge usikilize. Uone pia kama kenchi zimefungwa ukutani kwa waya au nondo au zimekalishwa tu, kwa ule upepo unaoshuka mlima Rungwe.

Bati za 1978 usizidharau. Bati linapimwa kwa geji, namba ikipanda bati linakuwa jembamba, na zamani watu waliezeka geji 28 au 30 wakati leo vijijini tunauziwa 32 na wengine wanapunja hata hiyo. Bati zito la zamani lenye kutu ya juu juu laweza kukaa miaka mingine mingi kuliko jipya la rangi. Kinachokufa ni kuzunguka misumari na kwenye maungio, ishike kwa mkono uone kama inakatika kama biskuti. Kama paa ni lile zito la kijivu linalofanana na simenti, la asbesto, lipo kwenye baadhi ya nyumba zilizojengwa na taasisi, usikubali mtu alivunje wala alikate na msumeno, vumbi lake linaharibu mapafu, na wewe ni nesi nadhani unayajua hayo kuliko mimi. Pima pia paa limetoka nje ya ukuta kiasi gani, kwa mvua ya Tukuyu nataka sentimita 60 kwenda juu, na gata zenye kumwaga mbali. Nyumba za tope zilizodumu huku zina kofia kubwa, zisizo na kofia utaona ukuta umeliwa chini kama muhindi.

Baada ya hapo chimba. Watu wanashangaa nikisema hivyo lakini hakuna namna nyingine ya kuuona msingi. Omba ruhusa mchimbe shimo moja kona ya chini ya mteremko na lingine kona yenye ufa, upana wa jembe, kina mpaka muone msingi unaishia wapi. Mnatafuta vitu vitatu, msingi ni wa mawe au tofali tu, umeshuka kina gani, na umekalia udongo wa asili au kifusi. Kifusi ndo adui. Mzee alipokata mlima ule udongo aliutupa mbele, nusu ya nyumba ikakaa kwenye ardhi ya mungu na nusu kwenye udongo wa kutupwa, na hapo katikati ndo utaukuta ufa. Mkishapima rudishieni udongo mshindilie, mvua isije ikaingilia hapo.

Na muulize yule bibi jirani, vyoo vya zamani vya familia vilikuwa wapi. Miaka 45 familia kubwa imechimba mashimo matatu manne, yakijaa wanafukia wanahama. Kuna mwalimu mmoja Kilolo alinunua nyumba nzuri tu, jiko lake likazama mguu mmoja mwaka wa pili, tukachimba tukakuta ni shimo la choo la enzi hizo, chumba kilikuja kuongezwa juu yake na watoto ambao walizaliwa limeshafukiwa.

Umeme nitapita haraka. Kama uliingia na REA, yani wakala wa umeme vijijini, miaka ya karibuni nyumba ya 1978 ilifanyiwa wayaringi juu ya ukuta na fundi wa mtaani, sasa fungua swichi mbili tatu uone waya ni wa unene gani, tafuta nondo ya ethi, ile inayopeleka umeme ardhini, nje iko wapi, na mita ya LUKU iko kwa jina la nani. Kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU kwahiyo hilo jina libadilishwe mapema. Maji ya bomba uliza wanaosimamia maji ya kijiji, kuna deni gani na mgao ni siku zipi.

Kuhusu fundi wako, simdharau. Ila fundi aliyesema iko imara ndo huyo huyo utakayempa kazi ya kuikarabati, au sio? Na hata mthamini, benki wakimtuma mthamini akasema nyumba ina thamani ya milioni 30, hiyo ni bei, hajapanda darini na wala sio kazi yake. Unayemtaka ni mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, au fundi sanifu mzoefu wa nyumba za tofali za huku ambae hana maslahi na mauzo wala ukarabati. Mbeya hamkosi, kuna chuo kizima cha sayansi na teknolojia hapo. Kubalianeni kabla kwa maandishi, atapanda darini, atachimba msingi, atatoa ripoti yenye picha, na kwa kila kasoro ataandika matengenezo ni shilingi ngapi kwa bei za Tukuyu, sio bei za Dar. Hiyo sehemu ya mwisho ndo itakayorudisha hela yake, mwambie mkwe wangu.

Karatasi ni ukaguzi pia, tena nyumba nzuri kwenye karatasi mbovu ni mbaya kuliko nyumba mbovu. Mzee alifariki, kwahiyo watoto kama watoto hawana mamlaka ya kuuza hata wakiwa kumi na wamekubaliana. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, omba barua ya uteuzi, nakala uende nayo mahakama ile ile iliyotoa ukahakikishe. Mjane yupo? Kama yupo kaa nae, umsikie kwa mdomo wake, asije akawa anahamishwa bila kujua. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji ndo inaisimamia, na wewe ukiwa sio mwanakijiji idhini yao ni lazima, iingie kwenye muhtasari wa kikao, isiwe mhuri wa mwenyekiti uliyekutana nae njiani. Uliza kama kuna hati ya hakimiliki ya kimila na mipaka yake, mkatembee mipaka na majirani wote wa pande nne wakiwepo.

Pima wewe mwenyewe kutoka katikati ya barabara kama nyumba iko karibu na ile kuu ya Uyole kwenda Kasumulu, tangu sheria ya 2007 hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande, na rangi mpya inaweza kuwa imefunika ile X ya kubomolewa. Mto au kijito ni mita 60 kwa Sheria ya Mazingira ya 2004, na Rungwe nyumba isiyo karibu na kijito ni ya kutafuta.

Wasomaji wengine wa Iringa na Mbarali nao niwaambie hapa hapa, kama nyumba iko kwenye kijiji cha Operesheni ya 1974, pale serikali ilipohamishia watu vijijini, uliza kabla ya operesheni eneo lile lilikuwa mahame ya nani. Sheria ile ya 1999 ilithibitisha ugawaji wa kati ya 1970 na 1977, ila hiyo haimzuii mjukuu wa mtu kuja kukusumbua baraza la ardhi.

Na makaburi. Huku tunazika nyumbani, mzee yuko pale migombani, pengine na mke mdogo na watoto na baba yake. Usione aibu kuuliza. Yako mangapi, yako wapi, ukoo watakuja kuzuru kwa njia ipi, wakifariki wengine watataka kuzikwa pale au watamega kipande chao kabla hujalipa. Mimi ningependa wamege, kipimwe, kiandikwe kwenye mkataba kwamba hicho ni cha ukoo na njia yake hii hapa. Nimeona watu wema kabisa wakigombana mbele ya jeneza kwa sababu neno hilo halikusemwa siku ya kuuziana.

Sasa Ijumaa. Usitoe milioni 5. Kama unaogopa kuikosa, toa kidogo ambacho hata kikipotea utalala, na mkataba uandikwe kwa mtendaji au kwa wakili kwamba hela inarudi yote kama ukaguzi utakuta kasoro ya msingi, ya paa au ya umiliki, na kwamba una wiki tatu. Muuzaji mkweli atalalamika kidogo alafu atakubali. Ripoti ikitoka usiende nayo kwa hasira, mwanangu, hao wamefiwa na hiyo ni nyumba waliyokulia. Kaeni nayo mezani. Mathalani mhandisi akasema kenchi za nyuma zibadilishwe, mfereji wa mawe ujengwe nyuma, lipu ya chini ibanduliwe ukuta upumue, jumla labda milioni 6, basi unaongelea 26 na sababu mkononi, sio unabembeleza tu kupunguziwa. Paa, lipu na mifereji vinatengenezeka na nyumba ya namna hiyo ningekwambia nunua, tofali za mzee aliyechoma mwenyewe zina roho. Ila mlima ukiwa unatembea, au nusu ya msingi iko kwenye kifusi, au msimamizi wa mirathi hayupo, hapo hata wakishusha hadi 15 waage kwa heshima.

Jumamosi hii nenda kwanza kwa yule bibi jirani. Ukishachimba yale mashimo mawili nitumie picha, uweke futi ndani ya shimo ionekane vizuri, na picha nyingine ukiwa umesimama kule juu mlimani ukiitazama nyumba.